Jina la Ukoo katika Sensa za Zamani za Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba jina la ukoo lina tahajia moja, na kwamba aliyeandikwa kwa tahajia nyingine ni mtu baki. Ukweli ni kwamba karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba akaandika alichosikia, pengine kutoka kwa jirani iwapo wenyewe hawakuwapo. Hivyo Meyer wa mwaka 1880 anaweza kuwa Myers mwaka 1900 na bado akawa yuleyule. Anayetafuta mababu zake katika sensa hizo hana budi kulinganisha umri, mahali pa kuzaliwa, majina ya watoto na hata majirani, kwa kuwa jina peke yake ni ushahidi dhaifu.

Wengine hushikilia kwamba majina ya babu zao yalibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York. Lakini maofisa hao walihakiki tu orodha za abiria zilizokwisha kuandikwa kabla ya safari. Waliobadili majina kwa kawaida walikuwa wahamiaji wenyewe, baadaye. Kukosekana kwa ukoo mwaka 1890 nako si dalili ya kuhama, maana karibu sensa yote ya mwaka huo ilipotea kufuatia moto wa Januari 1921 mjini Washington.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila mtu aliorodheshwa kwa jina tangu sensa ya kwanza ya 1790. Kumbe hadi 1840 lililoandikwa ni jina la mkuu wa kaya tu, na majina ya watu huru wote yalianza kuandikwa 1850. Watumwa hawakuwamo: mwaka 1850 na 1860 waliwekwa kwenye majedwali ya peke yao, chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Wengi wao wanaonekana kwa majina mara ya kwanza 1870, baada ya utumwa kukomeshwa, na hapo ndipo watafiti wengi hupotea, wakiamini kwamba jina la ukoo la mwaka huo lazima liwe la bwana wa mwisho. Baadhi walilichukua kweli, lakini wengine walibaki na jina la mmiliki wa zamani zaidi, au walijichagulia lao, kwa hiyo kumsaka bwana kwa jina hilo pekee huweza kumfikisha mtu kwenye shamba lisilohusika kabisa. Rejesta za Freedman's Savings Bank, benki ya akiba ya watumwa walioachwa huru iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1874, husaidia zaidi, kwa sababu nyingi hutaja wazazi na ndugu wa mteja, na nyingine humtaja bwana wake wa zamani.