Magisterio ni nini? Ile maneno ya "Papa ameruhusu"

Mu shirika yetu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki ya kusali pamoja, hapa Kadutu mjini Bukavu, Desemba 2023, mama moja alifika na simu mkononi, odio ya WhatsApp inapiga kelele: Papa ameruhusu ndoa ya mashoga. Wee, sala ikasimama. Mzee wa shirika akasema Papa akishasema imeisha, sisi ni kutii tu, kijana mwingine akasema basi mimi nahamia kwa wale wa makanisa ya uamsho. Wote wawili walikosea pale pale.

Magisterio ni mamlaka ya kufundisha imani, nayo iko kwa Papa pamoja na maaskofu walioungana naye. Lakini si kila neno linatoka na uzito mmoja. Juu kabisa iko ile Papa anatangaza jambo la imani bila kuweza kukosea, Mtaguso wa Vatikani wa 1870 njo uliieleza, na tangu pale imetumika mara moja tu, 1950, juu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Chini yake kuna mafundisho ya kila siku, na kuna maamuzi ya kichungaji ambayo askofu anapima kufuatana na watu wake.

Sasa ile barua ya Vatikani ya Desemba 18, Fiducia supplicans, yenye odio ilikuwa inasemea, Kardinali Fernández, mkubwa wa ofisi ya mafundisho ya imani kule Roma, aliitia sahihi na Papa Fransisko akaikubali. Inasema ndoa inabaki ya mume na mke, ila watu wawili wa jinsia moja wakimuomba padiri baraka anaweza kuwapa, bila ibada ya kuandikwa, bila kitu chochote cha kufanana na arusi. Fernández akarudi kueleza Januari 4 kwamba ni kitu ya sekunde 10 ama 15. Padiri akibariki pikipiki yako pale parokiani anakuulizaga kwanza kama umelipa deni?

Ndipo Januari 11, 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika, akaandika kwamba huku baraka ya namna ile haitatolewa, itachanganya waamini. Watu wakashangilia eti Afrika imeasi Roma. Hapana bwana, barua yenyewe inasema Papa na Fernández walikubali. Kwa wenzetu wa uamsho hii hesabu yote haiko, pasta akisema Jumapili imekwisha, na kwa Waislamu hakuna Papa, ni wanazuoni.

Kitu kinaniudhi, mapadiri wengi wanajua Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2357, ile inasema matendo ya mashoga ni mabaya, wanaisoma mpaka mate yanakauka. 2358 iko papo hapo chini yake: watu wenyewe wapokewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe bila haki. Juma iliyofuata nilimusomea yule mama. Akachukua kitabu, akasogeza miwani, akasoma yeye mwenyewe kwa kidole.

"Na hii nayo ni magisterio?"

Ndiyo mama, na hii nayo.