Kodi ya mapato, kodi ya mlaji na fedha taslimu isiyoandikwa popote

Kodi ya mapato humtoza mtu kwa kile anachopata, ilhali kodi ya mlaji humtoza kwa kile anachonunua. Tanzania Bara inazo zote mbili. Mwajiriwa ambaye mshahara wake unazidi shilingi 270,000 kwa mwezi hukatwa kodi na mwajiri kabla fedha haijamfikia, na fedha hiyohiyo, anapoitumia dukani, hutozwa tena Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 na ambayo kiwango chake cha kawaida kilishushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009.

Fundi seremala anayelipwa taslimu, bila mkataba wala kitabu cha hesabu, hana mwajiri wa kumkata, na mapato yake hayajulikani kwa mtu yeyote isipokuwa yeye na wateja wake. Hapo ndipo huzuka hoja kwamba kodi ya mapato ingefutwa na ya mlaji ikapandishwa, kwa kuwa hata asiyetangaza mapato yake lazima anunue soda, sabuni na muda wa maongezi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki huonekana tukifuata hesabu ya kitanda kimoja.

Tuseme fundi huyo amenunua mbao, gundi na vanishi kwa shilingi 118,000, ambamo VAT ni 18,000, naye anataka kubaki na 200,000 kwa kazi yake. Kama mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, sheria haimlazimishi kujisajili kwa VAT. Lakini asiyesajiliwa hawezi kudai arejeshewe zile 18,000, hivyo huzijumlisha katika bei na kuuza kitanda kwa 318,000. Karakana iliyosajiliwa, ikitaka kubaki na kiasi kilekile, itauza kwa 300,000 pamoja na VAT ya 54,000, yaani 354,000; itajirudishia 18,000 ilizolipa kwenye vifaa na kupeleka serikalini 36,000. Kwa hiyo si kweli kwamba fundi wa pembezoni halipi kitu, kama anavyolaumiwa mara nyingi, kwani vifaa vyake vimeshatozwa. Kisichotozwa ni jasho lake, na jasho hilo ndilo lilelile ambalo kodi ya mapato nayo ilishindwa kulifikia.

Hata anapokwenda kuzitumia zile 200,000, sehemu kubwa huishia sokoni kwenye mahindi, maharage na mboga ambazo hazijasindikwa, ambazo zimesamehewa VAT. Msamaha huo ni wa haki, nami nautetea kwa moyo wote, kwa sababu mwenye kipato kidogo hutumia karibu chote anachopata wakati mwenye nacho huweka akiba, na kodi ya mlaji isiyo na msamaha ingembana zaidi yule wa kwanza.

Nguvu ya VAT iko katika mnyororo wake. Mfanyabiashara aliyesajiliwa humdai risiti anayemuuzia, kwa maana bila risiti hatarejeshewa kodi aliyolipa, na hivyo kila mmoja humsimamia mwenzake bila kutumwa na mkaguzi. Mnyororo huo hukatikia kwa mnunuzi wa mwisho, ambaye harejeshewi chochote. Mashine za kutolea risiti za kielektroniki, zilizoanza kutumika mwaka 2010, zililetwa kuziba pengo hilo, lakini mashine huandika tu kile ambacho muuzaji amekubali kukiingiza. Mnunuzi wa kitanda akiwa na taslimu mkononi, na akatajiwa 354,000 kwa risiti au 300,000 bila risiti, ana sababu 54,000 za kuiacha risiti, na siku hiyo kodi ya mlaji itakuwa imekwama pale pale ilipokwama ya mapato.