Mafuta na maji: uzito hauna kosa

Utasikia watu wakisema mafuta hayachanganyiki na maji kwa sababu ni mepesi. Nusu yake ni kweli: wepesi ndio unaoyafanya yaelee. Lakini kuelea ni jambo moja, na kugoma kuyeyuka ni jingine kabisa.

Chukua ethanoli, yaani kile kilevi kilichomo kwenye pombe. Mililita moja ina gramu 0.79 hivi, nyepesi hata kuliko mafuta ya kupikia (kama 0.92), ila ukiimimina kwenye maji inapotelea humo, iwe kidogo au nyingi. Klorofomu, kimiminika cha maabara chenye gramu 1.49 kwa mililita, ni nzito kuliko maji, na bado haichanganyiki nayo. Huzama ikatulia chini kama tabaka peke yake.

Kinachoamua ni mgawanyo wa chaji. Katika molekuli ya maji, oksijeni huvutia elektroni (chembe ndogo zenye chaji hasi) upande wake, na kwa kuwa molekuli imepinda (nyuzi 104.5), upande mmoja huwa hasi kidogo na mwingine chanya. Hivyo molekuli za maji hushikana, hasi kwa chanya. Ethanoli nayo ina oksijeni iliyounganika na hidrojeni, kwa hiyo hupata pa kushika. Mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, karibu haina chaji ya kushikia.

Wala maji “hayayachukii” mafuta, kama tulivyozoea kuambiwa. Huvutana, ila kidogo. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa nguvu zaidi na kuyaacha mafuta nje. Petroli, isiyo na mshikano huo, huyeyusha grisi bila shida.