Caesar chini ya mwembe: tunavyodanganyana kuhusu kuigiza tamthilia za kale shuleni

Kila muhula nikiwatoa wanafunzi wa kidato cha pili nje wakaigize, na nakala chache za "Juliasi Kaizari", tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, chumba cha walimu hunipokea kwa hoja zilezile za kunipinga. Baadhi niliwahi kuziamini mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza kazini nilifundisha tamthilia kama nilivyofundishwa: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuatisha kwa kidole, mimi nafafanua mstari kwa mstari. Tukifika pale Caesar anapochomwa visu, nusu ya darasa imeshasinzia.

"Waelewe kwanza, ndipo waigize."

Hii ndiyo mama wa zote. Inasikika kama busara, kumbe inaanzia mkiani. Kwenye tamthilia, maana nyingi imejificha katika namna neno linavyotoka mdomoni. Chukua hotuba ya Mark Antony, rafiki wa Caesar, mbele ya maiti ya Caesar. Anarudia na kurudia kwamba Brutus, mmoja wa wauaji, ni mtu wa heshima. Mwanafunzi aliyeusoma mstari huo kimya atakuandikia kuwa Antony anamsifu Brutus. Majibu ya namna hiyo yamenimalizia wino mwekundu mwingi.

Siku hizi nawasimamisha watano. Kila mmoja aseme mstari uleule kwa zamu, na sharti ni moja: anayefuata ayaamini maneno hayo kidogo kuliko mwenzake. Akifika wa tatu, darasa limeanza kuguna. Wa tano akimaliza, wanacheka kile kicheko cha watu walioshtukia jambo. Kejeli wameshaijua, na neno "kejeli" bado sijaliandika ubaoni.

Kuna jambo jingine ambalo mguu hulifundisha haraka kuliko kalamu. Katika Kiingereza chake, Shakespeare alimpa Brutus hotuba ya nathari, akampa Antony hotuba yenye mapigo ya shairi. Waambie watoto watembee huku wakisoma, mguu ufuate mapigo. Kwa Antony wanatembea. Kwa Brutus wanajikwaa, wanasimama, wanaangaliana. Nikiwauliza kwa nini umati ulimfuata Antony, kuna anayejibu, "Mwalimu, yule alikuwa na ngoma." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, nami nimejaribu.

Maneno magumu yapo, sikatai. Nayaeleza mtoto anaponiuliza, na huuliza kweli, kwa sababu hakuna anayetaka kusimama mbele ya wenzake akitamka kitu asichokijua.

"Darasa la watoto themanini haliigizi."

Ningekubali kama tamthilia zingekuwa na wahusika wawili. Tamthilia hii inahitaji umati, na umati ndicho kitu pekee ambacho shule zetu hazijapungukiwa. Watano wanahutubia, sabini na watano ni raia wa Roma. Kazi ya raia nayo si ndogo: wanamshangilia Brutus, kisha dakika chache baadaye wanataka kuchoma nyumba yake. Nawapa agizo kwamba kila mmoja achague neno linalomgeuza yeye, na likitamkwa ahame kutoka upande wa kushoto wa mwembe kwenda wa kulia. Hapo unaona kwa macho yako jinsi watu wanavyogeuzwa. Wengine huondoka mapema, wengine hufuata rafiki zao tu, na kila mara yupo mmoja anayebaki peke yake na Brutus hadi mwisho.

Halafu inakuja ile sehemu fupi ambayo walimu wengi huiruka. Umati umepandwa na hasira, unakutana njiani na mtu aitwaye Cinna. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi. Jibu la umati: basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Watoto hucheka sana hapo. Kisha wanamzunguka mwenzao, duara linabana, kicheko kinakatika chenyewe. Hapa kwetu Uganda, ambako mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni anaweza asifike kituo cha polisi akiwa hai, sihitaji kuongeza neno.

"Hatuna jukwaa wala mavazi."

Mwaka 1599, Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliitazama tamthilia ya Caesar jijini London. Aliandika kwamba ilikuwa baada ya chakula cha mchana, kama saa nane, katika jumba lililoezekwa nyasi, na kwamba ilipokwisha waigizaji walicheza dansi. Mchana kweupe, nyasi juu, ngoma mwishoni. Sisi tuna mwembe, shuka moja la bweni na vitenge viwili. Anayesema hatuna vifaa amezoea kutazama televisheni.

Wahusika wa kike nao, enzi hizo, waliigizwa na wavulana. Kwa hiyo shule ya wavulana watupu nayo haina kisingizio.

"Wataikariri lini tamthilia nzima?"

Wasiikariri. Waigizaji wa wakati wa Shakespeare wenyewe hawakupewa tamthilia nzima. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia ili ajue zamu yake imefika. Moja ya karatasi hizo, ya mwigizaji Edward Alleyn, imehifadhiwa katika chuo cha Dulwich, London, hadi leo.

Nami nafanya hivyohivyo kwa daftari la kurasa 96 na mkasi. Nachagua mistari kama arubaini, naikata vipande, nagawa. Mtoto hajui mwenzake atasema nini, wala atasema lini. Analazimika kusikiliza, na kusikiliza ndiko kulikokuwa kunanishinda kuwafundisha. Pia inaokoa pesa: nakala tatu za kitabu zinatosha darasa zima.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Aliyemfanya Caesar aseme Kiswahili alisomea hapahapa kilimani Makerere, kuanzia 1943 hadi 1945: Julius Nyerere. Tafsiri yake ilitoka 1963, akairekebisha 1969, na mwaka huohuo akatoa "Mabepari wa Venisi". Mwaka uleule Ebrahim Hussein alichapisha "Kinjeketile", nayo kwangu ni tamthilia ya kale tayari. Naifundisha kwa mbinu zilezile za mwembe na mkasi. Watoto wangu wengi wamezoea kukisikia Kiswahili kwa askari wa barabarani. Wakikisikia kinamlilia Caesar, wanakitazama kwa jicho jingine.

Tena Waganda wana neno lao la maigizo, katemba, na historia nzito nyuma yake. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa Kampala 1959. Mwaka 1965 wanachuo wa Makerere walianza kuzunguka mikoani na tamthilia kwa lugha kadhaa. Mapema 1977 tamthilia ya "Oluyimba lwa Wankoko" ya Byron Kawadwa ilichezwa katika FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, Lagos. Mwaka huohuo Kawadwa aliuawa na watu wa Idi Amin. Nikisikia mtu akisema kuigiza ni mchezo wa kitoto, humkumbuka yeye.

"Mtihani hauulizi kuigiza."

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze 2020, alama 20 kati ya 100 hutokana na kazi zinazofanyika shuleni kwenyewe, na mtu anaweza kuzitoa chini ya mwembe. Zile 80 zilizobaki bado zinataka maandishi, kweli. Kwa hiyo dakika kumi za mwisho tunarudi ndani, jasho bado linatiririka, na kila mmoja anaandika aya moja: upande gani wa mwembe ulikuwa, na neno lipi lilikuhamisha. Zile aya ndizo ninazosahihisha kwanza usiku, kabla ya chakula.