Kabla hujamwambia "jikaze", muulize hofu imemnyima nini

Nafanya kazi ya saikolojia na wengi wanaokuja kwangu wana hofu ya watu, yaani mtu akiambiwa aongee mkutanoni au hata apige simu kwa asiyemjua moyo unamwenda mbio, sauti inamkauka, mikono inatetemeka, halafu ndugu zake wanamwambia "we jikaze bwana, kwani watakula?" Jamani naomba tuliache hili neno. Jikaze anajiambia mwenyewe kila siku na bado amekwama.

Tatizo ni kwamba kukwepa kunalipa papo hapo. Ukighairi kwenda kwenye sherehe unapumua dakika hiyohiyo, na ubongo unaichukulia nafuu ile kama ushahidi kwamba kweli kulikuwa na hatari, kwa hiyo mara ijayo hofu inarudi na nguvu zaidi. Sasa mtu wa hivyo ukimpa sababu za kwenda na yeye anakupa za kutokwenda, na kadri anavyojitetea ndo anazidi kujishawishi. Mwanasaikolojia William Miller aliliandika hili mwaka 1983 kuhusu watu wenye shida ya pombe, mimi naliona vilevile kwenye hofu.

Ndo maana naanza kwa kuuliza, hii hofu imekunyima nini? Halafu nanyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu. Mtu akishasema kwa mdomo wake kwamba anataka kwenda kwenye mahafali ya mwanae bila kukaa karibu na mlango, hapo tumepata pa kuanzia, na kimetoka kwake.

Tukifika kwenye vitendo tunachagua kitu kidogo, kwa mfano kuuliza swali moja tu kikaoni, na kabla ya kwenda anaandika anachotabiri: "watacheka wote". Anaenda kukipima, hangojei hofu iishe kwanza. Na hapa nakuwa mkali kidogo, asiende na kinga zake, kuinamia simu, kukariri sentensi kichwani, kukwepa macho. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walilieleza vizuri mwaka 1995: kinga zinamfanya aamini kwamba kapona kwa sababu alijificha, na muda wote anajitazama yeye badala ya kuwatazama watu, sasa atajuaje kama wamecheka?

Akitoka tu aandike alichokiona kwa macho yake, nani alijibu, nani alicheka. Asisubiri usiku, maana usiku akilala ataanza kulirudiarudia tukio kichwani na litakuwa baya kuliko lilivyokuwa.