"Invaluable" haimaanishi "isiyo na thamani"

Mkunga mmoja mstaafu hapa Kigoma aliniletea barua ya shukrani aliyopewa siku ya kuagwa, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Kwa Kiswahili aliambiwa huduma yake ilikuwa "isiyo na thamani". Akaniuliza, "Mwanangu, miaka yote ile ya kukesha na wajawazito ndiyo haina thamani?" Iliniuma, kwa kuwa barua ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya wanawe.

Kiingereza kilisema *invaluable*. Mfasiri aliiona *in-* akadhani inakanusha thamani. Kukanusha inakanusha kweli, ila tazama mwisho wa neno: *-able* inafanya kazi ya *-ik-* yetu, ile inayotoa "someka" katika "soma" na "kadirika" katika "kadiri". Kinachokataliwa ni kukadirika. Thamani ipo, tena imepita kipimo. Neno hili lina umri tangu karne ya 16, enzi ambazo *valuable* iliweza pia kumaanisha kitu kinachokadirika bei. Maana hiyo imefifia, ndipo watu wanapopotea.

Chukua meli yetu ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mthamini akija atapima chuma, injini na uchakavu, aandike kiasi. Lakini kwa vijiji vya mwambao visivyo na barabara, vilivyoitegemea kwa safari na kwa kusafirisha dagaa wao, aandike shilingi ngapi? Hapo ndipo Mwingereza husema *invaluable*. Hulitumia zaidi kwa msaada, ushauri, uzoefu na taarifa. Kwa kito au mchoro wa kale hupenda *priceless*. Kisicho na thamani kwake ni *worthless*.

Nami hufasiri "-enye thamani isiyokadirika". "Isiyothaminika" naikwepa, maana msikilizaji aweza kuelewa kwamba watu hawaithamini. Na angalia Kiswahili chenyewe: ukisema mama hana bei umemsifu, ukisema hana thamani umemtukana. Mfasiri aliyelisikia hilo kwa mama yake nyumbani hakupaswa kukosea.

Barua ya yule mkunga niliifasiri upya bila malipo. Aliomba nakala nne, moja kwa kila mwanawe.