Filamu ya Polisi na Mahaba: Kabla ya Kubishana, Tuulizane Toleo

Hakuna muvi inayogombanisha watu kama ile ya polisi ya bajeti ndogo iliyojaa mahaba. Mnazijua: mpelelezi ambaye ndoa yake imeyumba, mwanamke mrembo anayetuhumiwa kwa mauaji, taa ya buluu, saksafoni. Nyingi zilitengenezwa Marekani miaka ya 1990 na kuuzwa kwenye kanda bila kupita ukumbi wa sinema, na hadi leo hapa Dodoma mtu anaingiziwa kwenye flashi, ubishi unaanza. Huyu anasema ni uchafu mtupu. Yule ameipenda, stelingi anaijua kazi. Mwingine analalamika kwamba muuaji kakamatwa na haieleweki kajulikanaje.

Mimi ni mhariri wa filamu, na lalamiko hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi.

Tuanze na pesa. Basic Instinct, muvi kubwa ya polisi na mahaba ya mwongozaji Paul Verhoeven, ya mwaka 1992, iligharimu karibu dola milioni 49 na kuingiza zaidi ya milioni 350 duniani. Watayarishaji wadogo waliitaka biashara hiyo, mtaji hawana. Kufukuzana kwa magari kunataka barabara ifungwe, magari ya kubomolewa, watu wa kuruka na kuanguka kwa niaba ya waigizaji, na bima ya wote hao. Sini ya kitandani inataka chumba, watu wawili na taa chache. Ndiyo maana pale ulipotegemea upelelezi unakuta shuka. Hata polisi kachaguliwa kwa hesabu hiyohiyo: kitambulisho chake kinatosha kugonga mlango wa mtu asiyemjua, usiku, na kumuuliza mambo ya siri.

Siwalaumu kwa kukosa pesa. Nawalaumu wanapoweka sini ya mahaba isiyobeba chochote cha kesi. Iliyoandikwa vizuri humfanya mpelelezi aone kovu, asikie jina, asahau bastola mezani. Kukicha kesi imebadilika, na yeye mwenyewe ameshauharibu ushahidi wake. Ile mbovu unaweza kuitoa yote na asijue mtu. Kwangu hicho ndicho kipimo, na nakitumia hata kwa Bongo Movie.

Sasa chukua ile nzuri, halafu ikatwe. Marekani daraja la umri la R linamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Juu yake lipo NC-17, lililoanzishwa mwaka 1990, ambalo mtoto haingii kabisa, na kuna maduka makubwa ya kukodisha kanda yaliyokataa kuziweka filamu za daraja hilo. Watengenezaji wengi wakatoa matoleo mawili: la R lililopunguzwa, na jingine lisilo na daraja, lenye kila kitu. Mkasi ukipita kwenye sini yenye kovu, kovu nalo linakwenda. Mwishoni mwanamke anakamatwa kwa alama ambayo wewe mtazamaji hukuonyeshwa. Anayeiponda filamu hiyo na anayeisifu wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameangalia toleo lake.

Wanaoita uchafu nawaelewa kabisa. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na tunayo Bodi ya Filamu, lakini nakala ya flashi haiji na alama ya umri. Mama anaiwasha sebuleni watoto wamekaa, akidhani ni muvi ya polisi. Hizi ni filamu za watu wazima, na anayeziuza anapaswa kumwambia mteja hivyo kabla hajapokea pesa.

Kuna wengine kitanda hakiwasumbui hata kidogo. Jirani yangu wa Area C, mzee aliyestaafu upelelezi, aliniambia: "Mwanangu, askari anakwenda peke yake kwa mtuhumiwa, hachukui maelezo, haandiki kitu. Mahakamani kesi hiyo haifiki popote." Dada mmoja fundi cherehani tuliyekuwa naye akamjibu, "Baba, ni kweli, lakini humo ndani mwenye akili ni huyo mwanamke peke yake." Mimi niko upande wa dada. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayepanga, mpelelezi anafuata tu, na mwigizaji wa kike akiwa hodari filamu nzima inasimama juu yake.

Ukitaka kujua umepewa toleo gani, usihesabu dakika peke yake. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini kwenye kanda na DVD za mfumo wa televisheni uitwao PAL kwa kawaida huendeshwa 25, hivyo ya dakika 96 huisha kwa takriban 92 bila kukatwa hata kipande. Sikiliza muziki: pakikatwa ovyo na muuzaji, saksafoni inaruka. Mtengenezaji akikata mwenyewe huilainisha sauti, kwa hiyo hapo angalia nguo. Shati lililokuwa limefungwa vifungo vyote likionekana sakafuni bila kuvuliwa, kuna kitu kimetolewa katikati, na huenda ndicho kilichokuwa na jibu la kesi.